Rambirambi za Mguu Wangu

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya mnada pale Bunda, nilipoambiwa kwamba natoka damu. Saa naijua kwa sababu muda huohuo nilikuwa nimetazama mkononi, nikijiuliza kama dagaa wangu watakwisha kabla jua halijawa kali. Nilikuwa nimetoka Kibara kabla ya mapambazuko, magunia mawili nyuma ya baiskeli, kama nilivyofanya kwa miaka mingi. Mama mmoja muuza nyanya, ambaye tulikuwa tumezoeana kwa utani, akaniita.

"Wewe Mafuru, umechinja nini hapo chini?"

"Nimechinja jogoo wa mumeo."

"Mimi sitanii. Angalia mguu wako."

Nikaangalia. Msumari mrefu ulikuwa umetoboa katambuga la tairi, ukatoboa unyayo wa kulia, na mimi nilikuwa nimekanyagia pedeli juu yake sijui tangu kilima kipi. Sikusikia kitu. Watu wakakusanyika. Wakaniona nauchomoa bila kukunja uso, wakanisifu kwamba huyo ndiye mwanaume. Nilicheka pamoja nao. Leo nawaandikia ninyi mnaokaa kwenye mabenchi ya hospitali niliyokalia mimi: siku mwili wako ukiumia na usikuambie, usicheke.

Sitaeleza ugonjwa wa sukari ni nini. Wapo waliousomea. Mimi niliishia darasa la nne, na mengine nimejifundisha kwa vitabu vya kuazima na magazeti ya kufungia chumvi, hata nikaaminiwa kufundisha kisomo cha watu wazima nyakati za jioni. Nitaeleza tu yaliyonipata, kwa mpangilio wake.

Kidonda kilikataa kupona. Wakati wa kupalilia pamba kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Wakati wa kuvuna kilikuwa kimekula kisigino. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, nikakonda hadi pete ikaanguka yenyewe kidoleni. Mke wangu, Nyangeta, ndiye aliyeona sisimizi wamepanga mstari pale nilipokojoa nyuma ya nyumba. Alichukua jivu akafunika. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuogopa, na mimi ndipo nilipoanza kumficha mguu.

Mganga wa zahanati alinipeleka Musoma. Pale hospitalini wagonjwa wa sukari tulijulikana kwa chupa zetu. Kila mmoja alikuja na mkojo wake kwenye chupa ya soda, akaketi nayo kwenye benchi lililotazama ziwa, akingoja. Walichemsha mkojo pamoja na dawa. Ukibaki buluu, ulikuwa na nafuu ya siku hiyo. Ukigeuka kijani, ujihadhari. Ukigeuka rangi ya tofali, daktari mwenyewe alitoka kukuita. Wangu ulikuwa tofali.

"Mzee," daktari aliniambia, "huu mguu ukibaki, mtaondoka wote wawili, wewe na wenyewe."

Walinikata chini ya goti mvua za vuli zilipokuwa zimeanza. Dada yangu Wakuru, aliyeolewa Butiama, ndiye aliyeniuguza, kwa kuwa Nyangeta alibaki na watoto. Kaka yangu Magesa alikuja siku ya operesheni akakaa uani, kofia magotini. Magesa ni mkulima wa pamba. Kabla ya hapo hakuwahi kuingia hospitali yoyote. Walipotoka kumwambia kwamba kazi imekwisha salama, aliuliza swali moja tu.

"Na mguu uko wapi?"

Wakamwambia huwa wanauteketeza. Magesa akakataa. Alisema tumetoka tumbo moja, hawezi kumwacha ndugu yake ugenini, hata kama ni kipande. Walimwonea huruma, wakaufunga vizuri kwa shuka na kumpa katika boksi la sabuni.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye, kutoka kwa watu tofauti, na yanalingana.

Ndani ya basi kondakta alimuuliza, "Mzee, boksi lina nini?"

"Ndugu yangu."

Kondakta akaangua kicheko. "Basi naye alipe nauli."

Magesa hakuwa mtu wa kubishana. Alilipa nusu, kama ya mtoto.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Aliweka boksi katikati ya uwanja, akavua kofia, akaketi chini kwenye udongo kama wanavyoketi wafiwa, na machozi yakaanza kumtoka. Alitaka kuongea, sauti haikutoka. Nyangeta alitazama boksi, akamtazama shemeji yake, akapiga yowe. Kwetu yowe halisubiri maelezo. Mlima wa pili uliitika, na wa tatu. Wanawake walikuja wamejifunga kanga kiunoni, wanaume wakawasha moto wa msiba, mtu akatandika mkeka na kuweka sahani juu yake, na watu wakaanza kutoa rambirambi.

Magesa alipopata sauti na kusema, "Yu hai, ni mguu tu," wapo waliofurahi na wapo waliokasirika. Bibi mmoja mkongwe alisema maneno ambayo bado wanayarudia kijijini:

"Yu hai nusu. Na sisi tumemlilia mzima."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na halikuwa la mtu mmoja. Hatuna mila ya mguu. Tunayo ya mtu mzima, ya mtoto mchanga, ya pacha, ya aliyezama ziwani asionekane. Kwa mguu wazee hawakuwa na la kufuata, wakatumia walilokuwa nalo. Kwanza wakasema rambirambi ikishatoka mfukoni hairudi. Ikirudi, inarudi na msiba. Kwa hiyo Magesa aitie ndani ya kopo na kuitunza, isubiri. Pili wakabishana kuhusu shimo. Vijana walitaka kuchimba dogo. Mzee mmoja wa ukoo akakataa.

"Shimo fupi ni la mtoto. Mafuru ana watoto sita. Mnataka kumtukana?"

Ndipo wakachimba kaburi la mtu mzima, kando ya kaburi la baba yetu, wakaweka mguu upande mmoja na kufukia. Upande wa pili ulibaki na udongo mtupu. Hakuna aliyesema kwa sauti nafasi ile ilikuwa ya nini.

Nilirudi nyumbani kwa magongo mawili niliyochongewa na seremala wa Musoma. Watoto walikimbia kunipokea, kisha wakasimama, kwa sababu hawakujua wanishike wapi. Nilipokelewa kwa uji na kimya. Nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta kivuli, nikaliona tuta. Lilikuwa refu, udongo wake mwekundu bado, na mawe mawili yamewekwa, moja kila mwisho.

"Nani amekufa?" niliuliza.

Nyangeta alikuwa nyuma yangu. Alishika mkia wa shati langu kama mtoto.

Sasa niwaambie jambo ambalo hakuna aliyeniandaa kwalo. Mguu usiokuwepo huwasha. Kisigino kile kilichokwisha kuliwa kilinichonyota kuliko kilivyowahi kufanya kikiwa hai, na kidole kidogo kilijikunja hadi nikauma shuka. Niliponyoosha mkono kukuna, nilikuta godoro. Nilimwambia Magesa. Magesa akawaambia wazee, na mzee yuleyule wa ukoo akasema labda mguu uliwekwa vibaya, vidole vimekunjwa. Au siafu wameingia. Wakapendekeza tufukue tuunyooshe. Nilikataa. Lakini tangu siku ile, kila kisigino kilipowasha, niliwaona siafu. Nililala ndani ya nyumba na wakati huohuo nimelala kule nje.

Kila asubuhi nilitakiwa zahanati kwa sindano. Mwanzoni nilikwenda. Majirani waliponipita njiani waliinamisha macho, kama mtu anavyopita penye matanga. Ndani ya nyumba Nyangeta alihamia kulala na watoto wadogo, akisema anaogopa kunigonga mguu. Kisha akaacha kutoa sababu.

"Ulikuwaga unaongea mpaka tunakwambia nyamaza," aliniambia siku moja akichambua mboga. "Sasa umekufa mguu, na mdomo nao umekufa?"

Sikujibu.

"Mimi ni mjane gani huyu," akasema, "anayempikia marehemu?"

Halafu alilia, akaniomba radhi, na hatukuliongelea tena. Lakini neno lilikuwa limekwisha kukaa.

Mwaka huo ulikuwa wa operesheni ya vijiji, serikali ikiwahamisha watu wakae pamoja. Tulitangaziwa siku, na siku hiyo lori likaja. Watu walipakia milango, mawe ya kusagia, kuku waliofungwa miguu. Walinipandisha mimi kwa kunishika makwapani, wakaniketisha juu ya gunia la mtama. Nyumba yangu, niliyoijenga kwa faida ya dagaa, ilishaezuliwa. Lori lilipogeuka niliona kwa nyuma kaburi la baba na tuta langu, vimekaa pamoja. Wengine wote waliacha mahame wakaondoka. Mimi nilihisi kwamba nimeachwa mahameni, na kilichopanda lori ni mzigo.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara kuu, nyumba zimepangwa kwa mistari. Majirani walitoka vilima tofauti na hawakunijua kabla. Hawakunijua kama mwalimu wa kisomo wala kama mtu wa dagaa. Walinijua kwa habari moja tu. Watoto wao waliponiona walinong'ona, "Ndiye yule mwenye kaburi." Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuniomba nifundishe kisomo, kwa kuwa walikuwa na ubao na hawana mwalimu. Nilimwambia nitafikiri. Baiskeli ilishauzwa. Nilikaa mlangoni nikitazama barabara.

Nikaacha kwenda kwenye sindano.

Naomba msomaji anielewe hapa, maana hii ndiyo sehemu ninayoiandika kwa shida. Sikusema kwamba nataka kufa. Nilijiambia zahanati ni mbali, kwapa zina michubuko, kesho nitakwenda. Nilipopewa uji niliunywa na sukari niliyokatazwa. Nilijua ninachofanya. Kulikuwa na nafasi imeachwa kwa ajili yangu, kila mtu aliijua, na mimi nilikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Kama wewe unayesoma umefika hapo, umeanza kuiita dawa "kesho", mwambie mtu leo. Mimi sikumwambia mtu. Dada yangu alikuja mwenyewe.

Wakuru alishuka kwenye basi na kikapu kichwani, akaingia bila kubisha hodi, akanusa.

"Mnafuga nini humu?"

"Shikamoo dada," nikasema.

"Usiniamkie ukiwa umelala. Amka uniamkie."

Nilipochelewa alivuta blanketi. Akaona nilivyokonda, akaona macho. Kisha akamwambia Nyangeta, "Wifi, nifungie nguo zake," na kwa basi la mchana tukaondoka kwenda kwake Butiama. Alinilaza chumba cha mbele, akanipa ugali wa mtama kidogo na mboga nyingi, na kila asubuhi alinisindikiza zahanati yao akinitukana njiani. Mganga wa pale alinitazama kwa siku chache. Hakuridhika.

"Sindano hii inatibu sukari," alimwambia Wakuru mbele yangu. "Hiki kingine haikitibu. Kuna nesi Musoma amesomea Dodoma kuuguza watu wenye magonjwa ya akili. Mpeleke huko."

"Huyu si kichaa," Wakuru akasema.

"Sikusema kichaa, mama. Nimesema amevunjika mahali ambapo siwezi kufunga bandeji."

Nilikwenda kwa aibu. Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa baraza ndefu, na ili kukifikia ilibidi upite mbele ya benchi letu la chupa, wenzangu wa sukari wakikutazama unazidi kwenda. Nje ya mlango wake niliketi karibu na kijana aliyempigia saluti kila aliyepita. Alinipigia na mimi. Sikujua la kufanya, nikamrudishia.

Nesi aliitwa Sista Adventina. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mezani kwake kulikuwa na bandeji zilizofuliwa, nyingi kama utumbo wa ng'ombe.

"Karibu, Mzee Mafuru. Nina nusu saa yako. Ukitaka tuongee, tutaongea. Ukitaka kunyamaza, mimi nitakunja bandeji zangu."

Nilinyamaza. Alikunja bandeji. Nusu saa ilipokwisha alinishukuru kwa kufika, akaniambia nije wiki inayofuata. Nilitoka nimekasirika, nauli yote ile kwa ajili ya kutazama mtu anakunja kitambaa.

Mara ya pili aliniwekea mwisho wa bandeji mkononi bila kusema kitu, nikaanza kukunja na mimi. Mikono ikiwa na kazi, nikamuuliza, "Sista, hapa mnatoa dawa gani?"

"Dawa ya kurudisha mguu sina. Ya kurudisha nyumba uliyobomolewa, sina. Kazi yangu ni kukaa hapa mpaka useme yote, halafu useme tena."

"Kusema kunasaidia nini?"

"Kwako sijui bado. Dada yako kaniambia wewe ni mtu wa mpangilio. Anza na saa. Ilikuwa saa ngapi?"

Hakuna swali lingine ambalo ningelijibu. Nikasema, "Saa nne na dakika kumi." Baada ya hapo maneno yalitoka, mnada, msumari, sisimizi, chupa. Nilipofika siku ya kukatwa niliruka nikaendelea na operesheni ya vijiji. Hakunisahihisha. Wiki iliyofuata alisema tena, "Anza na saa," nami nikasimulia upya, na palepale nikaruka tena. Mara hiyo aliacha kukunja.

"Na mguu uko wapi, Mzee?"

Ni swali la Magesa, neno kwa neno. Tangu siku ile hakuna mwingine aliyeuliza. Nilimweleza kaburi, urefu wake, mawe mawili, nafasi. Nikamweleza siafu. Nilitegemea acheke au asikitike, na vyote viwili ningevichukia.

"Kinawasha kisigino?" aliuliza.

"Sana."

"Na kidole kidogo kinajikunja."

"Nani kakwambia?"

"Wote waliokatwa huniambia hivyo. Hata wale ambao mguu wao uliteketezwa hapa hapa, haujawahi kuona udongo. Hakuna siafu, Mzee. Ni mwili unaukumbuka."

Siwezi kueleza vizuri nafuu ya siku ile. Kisigino kiliwasha ndani ya basi njia nzima, nami nilikiacha kiwashe.

Safari iliyofuata aliuliza nafanya nini mchana kutwa.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Kilichobaki kiende kilikokwenda kingine."

"Nani amesema kiende?"

Nilitafuta jina la kumtajia. Nyangeta hakusema. Magesa hakusema. Hata yule bibi mkongwe alisema nusu hai, hakusema nusu ya pili ife. Nikaona hakuna mtu. Ni tuta tu ndilo lililosema.

"Umewahi kurudi pale?" akaniuliza.

"Kufanya nini?"

"Sijui. Kwenu ni kwako."

Ningependa kuandika kwamba kuanzia hapo nilipanda kama ngazi. Haikuwa hivyo. Nilirudi kijijini kwangu, kwa kuwa mtu hawezi kuishi kwa shemeji yake mpaka azeeke, na kule kila nauli ya Musoma ilitoka kwenye chakula cha watoto. Pamba ya mwaka ule ilikuwa kidogo. Nyangeta aliuza mbuzi wawili. Siku moja akaniambia, bila hasira, "Baba Nyamburi, hakuna tena cha kuuza." Nilimwambia haidhuru. Nikakosa safari moja, nikakosa ya pili. Kule kukosa kulinipunguzia mzigo, na hicho ndicho kilichonitisha baadaye. Wakati ule hakikunitisha. Sindano za zahanati nazo zikaanza kuitwa kesho.

Kiangazi kikaingia. Binti yangu Nyamburi, akiniosha mguu wa kushoto, akaniuliza, "Baba, hapa umejikata na nini?"

Kulikuwa na jeraha kando ya kidole gumba, dogo kama punje ya mtama. Sikulisikia.

Nililitazama kwa muda mrefu. Kisha nikalala nikageukia ukuta. Nilikaa hivyo siku zisizopungua tatu. Sikula. Niliwasikia watoto wakiambiwa waongee polepole, kama kwenye nyumba ya mgonjwa wa kufa, na nikaona wanafanya sawasawa. Ndani ya kichwa changu nilianza kusimulia, maana nilishazoeshwa: saa nne na dakika kumi, mnada, msumari. Nikafika siku ya kukatwa. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumficha kwa kuruka. Nikaipitia yote, chumba, harufu, kuamka na kuona shuka limelala bapa mahali ambapo lilipaswa kuinuka. Nililia kwa sauti. Nyangeta aliingia mbio, akaketi kitandani, upande wa mguu uliokatwa, upande aliokuwa akiukwepa tangu nirudi. Akaweka mkono wake juu ya kigutu.

"Niitie Magesa," nikamwambia. "Anipeleke mahame."

Magesa alikuja na mkokoteni wa punda. Njiani hakuuliza tunakwenda kufanya nini. Majani yalikuwa yamefika kifuani mwa punda, na ilibidi alitafute kaburi la baba kwa mpera uliokuwa uani. Alifyeka. Tuta langu lilikuwa limezama kidogo, lakini mawe mawili yalikuwepo.

Nilisimama pale kwa magongo. Sikuwa na sala wala tambiko. Nilifanya ninachojua kufanya kila ninapokutana na kitu kinachonishinda: nilikipima. Niliketi chini, nikalaza gongo moja kutoka jiwe la kwanza. Halikufika jiwe la pili. Nikaongeza shubiri. Likafika.

Nikapima tena. Jibu likawa lilelile.

"Kaka," nikasema, "gongo hili linaishia kwapani kwangu."

"Ndiyo."

"Kutoka kwapani hadi utosini mwangu ni shubiri moja?"

Magesa alitazama gongo, akanitazama mimi, akatazama mawe. Ni mtu mfupi. Kwa baba yetu mrefu nilikuwa mimi.

"Nilipimia kwangu mwenyewe," akasema. "Nililala chini, wakaweka alama."

"Kwa hiyo kichwa kingebaki nje."

"Kingebaki." Akafikiri. "Ungeendelea kusoma magazeti yako."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu siku ya msumari. Magesa alinitazama kwa hofu, kisha naye akashindwa kujizuia, akakaa juu ya majani akacheka huku akifuta macho, na mwisho sikujua tena kama anacheka. Akaniambia alichokibeba muda wote ule. Kopo la rambirambi lilikuwa bado chini ya kitanda chake. Lilihama naye ndani ya lori, amelipakata.

"Kuila siwezi, hujafa. Kuirudisha siwezi, watu wamekwisha kulia. Kila nikikuona unakonda, nasema Mungu wangu, kumbe naitunzia mazishi yako. Silali, Mafuru. Sijawahigi kulala vizuri tangu lile boksi."

"Nipe hiyo hela."

"Ya nini?"

"Nauli ya Musoma. Mguu wa pili umeanza."

Alishtuka, akatazama mguu wangu, akatikisa kichwa polepole. Hakuwa mchoyo, alikuwa anaogopa.

"Hela ya msiba hailiwi na marehemu," akasema.

"Kweli. Basi sema mimi ni marehemu, uitunze."

Alifungua mdomo. Nilingoja. Punda alitikisa masikio. Hadi leo naamini kwamba kama kaka yangu angesita zaidi ya pale, ningelala palepale kwenye majani na nisingenyanyuka, hata kama kichwa kingebaki nje.

"Wewe si marehemu," Magesa akasema. Kisha akasema tena kwa sauti kubwa, akiwa amegeukia kaburi la baba, kama mtu anayetoa taarifa. "Mafuru si marehemu."

Jioni ile alileta kopo na kulimimina juu ya mkeka mbele ya Nyangeta na watoto. Zilikuwa shilingi sitini na nne na senti hamsini. Kesho yake nilipanda basi.

Mkojo wangu siku hiyo ulikuwa rangi ya tofali, na daktari mwenyewe alitoka kuniita. Walinilaza, wakalisafisha lile jeraha, wakarekebisha sindano. Jioni Sista Adventina alikuja wodini na bandeji zake, akaketi. "Anza na saa," akasema. Nilisimulia yote bila kuruka, hadi gongo na shubiri. Alikunja bandeji ileile moja mara nyingi, akiifungua na kuikunja upya.

Jeraha lilifunga mvua za vuli zilipoanza, wakati uleule wa mwaka nilipokatwa. Sikuwa nimetumaini kuivuka mvua hiyo nikiwa na mguu wowote. Kisigino cha kulia bado huwasha, hasa kukiwa na mawingu. Kuna asubuhi bado naamka nikiwa mahameni, na inanichukua muda kurudi. Sindano naichoma mwenyewe. Nyangeta huchemsha bomba la sindano, na amerudi chumbani. Jioni nipo ubaoni, nimeegemea gongo. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote ni yule bibi mkongwe. Juzi nilimsahihisha herufi, akaniambia, "Wewe nyamaza, nilishakulilia."

Nauli kutoka kijijini hadi Musoma ilikuwa shilingi nne kwenda na nne kurudi. Rambirambi zangu zilinipeleka na kunirudisha mara nane. Zimebaki senti hamsini.